Waya wa Taa ya Oundo

Mwaka mzima Truphena hakukubali kitu chochote kiharibike katika nyumba ile. Bati likilegea, fundi aliitwa siku hiyo hiyo. Bawaba ya mlango ikianza kulia, aliitia mafuta kabla jirani hajaisikia. Jiwe la meko lilipopasuka alilichimbua mwenyewe, akaweka jingine, akakanda udongo kwa mikono yake hata kucha zikaota weusi. Majirani pale mtaa wa reli, Tororo, walimsifu. Walisema mjane wa Oundo anaipenda nyumba yake. Kuipenda aliipenda, lakini kilichomtoa jasho kilikuwa hofu.

Majirani hao walikuwa Wapadhola, Wateso na Wajaluo, kila mtu na kwao, na mambo ya ukoo mmoja wa Wasamia wa Lumino wangeyajulia wapi? Katika ukoo huo, siku ya kuvunja matanga wazee huja, hukaa, na kuuliza ni kitu gani kimeharibika tangu kifo kilipoingia nyumbani. Kiwe paa, kiwe mlango, kiwe meko, hutengenezwa mbele ya macho yao. Mwanamume wa ukoo atakayekitengeneza, hata asitamke neno, ndiye amekabidhiwa nyumba pamoja na mwanamke aliyemo, na usiku huo hulala humo. Fundi wa kulipwa hahesabiki, maana fundi akimaliza kazi huenda zake.

Aliyetaka kulala humo alikuwa Okochi, mdogo wake marehemu. Kule Lumino alikuwa na wake wawili na shamba la pamba ambalo alikuwa amewaachia hao wake na magugu. Msidhani alimpenda Truphena. Truphena alimwona kama mwiba na yeye alimwona Truphena vivyo hivyo. Alichokipenda Okochi ni kile kitufe cha swichi ukutani. Oundo alikuwa fundi wa reli, akajenga nyumba ya matofali yenye dari la mbao, akavuta umeme, na kila Okochi alipokuja kumtembelea kaka yake alikuwa akikibonyeza kitufe, taa iwake, izime, iwake, hata akaambiwa atulie. Sasa kaka hayupo. Homa ya mapafu ilimchukua, na Okochi aliona hakuna wa kumwambia atulie tena.

Mwanamke akikataa? Okochi alikuwa na jibu tayari, na alilisema kila mahali palipokuwa na pombe. Truphena ni mtu wa Busia ya upande wa Kenya, basi afunge furushi lake la nguo arudi ng'ambo. Mpaka ule wa nchi mbili uliwakuta Wasamia wamekaa, ukawapita katikati, na siku za harusi hakuna aliyeukumbuka. Siku ya kugawana nyumba ndipo ulipokumbukwa. Na huko ng'ambo Truphena hakuwa na mtu. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa na shamba lao lilikuwa linalimwa na wengine. Alikuwa na nyumba hii tu, na pasi ya umeme aliyonunuliwa na Oundo, aliyopigia mashati ya makarani wa stesheni na ya kiwanda cha saruji. Ndiyo iliyomlisha.

Kwa hiyo alikuwa ameapa kwamba wazee wakija hawatakuta hata msumari uliopinda.

Ijumaa, siku moja kabla ya matanga kuvunjwa, Okochi alishuka kwenye basi la Busia pamoja na mama yake, Dorcas. Alibeba sanduku. Truphena alilitazama sanduku lile, akajua ndani mna shati la kubadilisha asubuhi. Hata hivyo aliwapokea, akawapa chai, akaenda sokoni kutafuta kuku wa wageni. Aliporudi jua limekwisha kushuka, akabonyeza swichi ya sebuleni. Giza.

Okochi alikuwa ameketi kwenye kiti cha Oundo, chini kabisa ya taa.

"Taa yako imekufa, shemeji," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Lakini usijali. Kesho wazee wakifika nitaishughulikia."

Truphena aliwasha koroboi, akaenda kwenye kisanduku cha umeme nyuma ya mlango, akateremsha swichi kuu kama Oundo alivyokuwa akifanya siku zote kabla ya kugusa waya wowote. Kisha akaivuta taa karibu. Ilikuwa ikining'inia juu ya meza kwa waya mwekundu wa kitambaa, nyuzi mbili zilizosokotana. Alizitenganisha kwa vidole. Mmoja ulikuwa umekatwa, mkato safi, na ncha zake zikafichwa nyuma ya mwenzake. Alipoukunja kidogo ili auone vizuri, ule mpira wa ndani, uliokaushwa na joto la miaka mingi, ukaanza kumomonyoka mkononi mwake. Huo hauungiki tena. Ulitaka kutolewa wote na kutiwa mwingine.

"Umeukata," alisema.

"Mimi? Mimi wa Lumino nijue umeme?" Okochi alicheka. "Huo ni uzee, shemeji. Vitu huzeeka mwenyewe akiondoka."

"Usimsingizie mwanangu," Dorcas alisema kutoka kwenye mkeka wake. "Mmoja umekwisha kunimalizia. Huyu niachie."

Tangu mazishi mama huyo alikuwa anaamini kwamba mwanawe hakuuawa na mapafu, aliuawa na mke. Truphena alikuwa amezoea kuambiwa hivyo, lakini kuzoea hakupunguzi maumivu. Alikula chakula chake jikoni, peke yake, akimchukia kila mmoja kwa zamu yake.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuwa mlangoni kwa Ochen, fundi wa umeme wa mtaa, Mpadhola mwembamba mwenye mke mnene. Ochen alimwona tu akaanza kurudi nyuma.

"Mimi siwezi kuja, mama. Hiyo shemeji yako alikuwa hapa jana. Alisema kwenu mtu akitengeneza nyumba ya mjane, huyo mjane nakuwa yake. Mimi niko na bibi moja tu, na hiyo moja nanimaliza."

"Fundi wa kulipwa hahesabiki, Ochen!"

"Hiyo ndio wewe nasema. Yeye alisema ingine." Akatazama nyuma, ambako mkewe alikuwa amesimama na mwiko. "Enda salama, mama."

Truphena akaenda mbio dukani kwa Mhindi. Mhindi alimsikitikia kwelikweli.

"Waya nyembamba ya taa imekwisha zamani. Nene ya pasi ilikuwako, bwana moja alichukua yote jana mchana. Mimi nauliza, ya kazi gani? Yeye nasema ya taa. Mimi nashangaa, waya nene hivi ya taa! Lakini yeye alitaka kubwa. Ingine nakuja Jumatatu kutoka Mbale."

Truphena alisimama pale barazani kwa Mhindi. Sasa alikiona kitu chote. Okochi hakuukata ule waya kwa kubahatisha. Alimtisha fundi, akamaliza waya dukani, kisha akakata. Kwa mtu aliyeshindwa kupalilia pamba, hapo alikuwa amejituma. Na basi la wazee lilikuwa njiani.

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa kukanyaga kwa nguvu. Okochi alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuwapokea wazee stendi, amevaa koti. Dorcas alikuwa ametandika mkeka sebuleni na kuanza kupanga juu yake vitu vya marehemu, kama inavyotakiwa siku hiyo: koti la reli, viatu, saa iliyosimama, na kile kikopo cha bati chenye wembe wa kukunja. Kikopo hicho hakuna aliyeruhusiwa kukifungua tangu kifo. Wembe wa marehemu ndio unaowanyoa wafiwa nywele siku ya matanga, na kabla ya hapo haukati kitu.

Truphena alizunguka chumba kwa macho, na macho yakatua kwenye pasi. Ilikuwa mezani pembeni, waya wake umeviringishwa vizuri, mweusi wenye madoa meupe. Alijua mara moja atakachofanya, na alijua hasara yake. Jumatatu makarani wangekuja kuulizia mashati. Akapiga moyo konde. Alichukua bisibisi ya Oundo, akaufungua waya kutoka kwenye pasi, na pasi ikabaki imelala pale haina faida.

"Unafanya nini?" Dorcas aliuliza.

"Natengeneza taa yangu."

Aliteremsha swichi kuu. Akasogeza meza, akaweka kigoda juu ya meza, akapandisha gauni, akapanda. Dorcas akapiga ukelele.

"Mjane anapanda juu! Juu ya kichwa changu! Mwanamke wa matanga anapanda kama nyani, na vitu vya mwanangu viko chini! Shuka!"

"Nikishuka atapanda mwanao."

"Na apande! Ndiye mwanamume."

"Alikuwa mwanamume jana alipokata?"

Dorcas alimtukana kwa Kisamia, tusi refu lenye baba na babu ndani yake, na Truphena akamwachia atukane. Alikuwa na kazi. Siku ambazo Oundo alipanda hapa, yeye ndiye alikuwa akimshikia kiti, uso juu, akimtazama na kumkosoa. Sasa alifungua kile kikombe cheupe kinachobana waya darini, akalegeza skrubu mbili, waya mwekundu ukaanguka pamoja na taa yake mkononi mwake. Kwa kisu cha jikoni alichuna ncha za waya wa pasi mpaka shaba ikatokeza, akaisokota. Waya ulikuwa mnene kuliko tundu la kikombe. Akaupunguza kitambaa chake, akausukuma, ukagoma, akausukuma tena kwa meno yaliyoumana, ukapita. Hapo akafunga fundo. Fundo hilo Oundo hakuwahi kulisahau: hukaa ndani ya kikombe na kuubeba uzito wote, ili skrubu zisibebe kitu. Bila fundo, alikuwa akisema, taa inashikwa na uongo.

Alipokaza skrubu ya pili, kigoda kikayumba.

Alishika dari kwa kucha. Chini yake mguu wa kigoda ulikuwa umevuka ukingo wa meza, na kwa muda kidogo alijiona tayari yuko sakafuni, shingo imevunjika, na Okochi anabonyeza swichi. Kisha kigoda kikatulia. Dorcas alikuwa amekishika kwa mikono miwili, uso umefura.

"Usinifie hapa," alisema. "Wakikukuta chini watasema nimekusukuma."

"Asante, mama."

"Sitaki asante yako."

Alikishika mpaka Truphena alipokisogeza katikati, kisha akakiachia upesi kama aliyegusa kitu kichafu, akarudi kwenye mkeka wake. Truphena akaendelea. Alifunga ncha za chini kwenye holda inayoshika balbu, na huko nako akaweka fundo lake. Alipokuwa akipachika balbu alitazama chini, akamwona Dorcas amefungua kikopo cha bati. Amekunjua wembe. Ameuinua karibu na macho yake yasiyoona vizuri, anaugeuza huku na huku. Kwenye makali, karibu na mpini, palikuwa na nyuzi za kitambaa. Hata kutoka juu Truphena aliona zilikuwa nyekundu.

Waya wa zamani ulikuwa mezani, mwekundu, karibu na miguu yake. Dorcas aliutazama. Kisha akautazama wembe. Truphena alishuka, akapandisha swichi kuu, akaijaribu taa, ikawaka, akaizima. Dorcas akaukunja wembe na nyuzi zake ndani, akaurudisha kikoponi, akakifunga.

Wazee walifika na wingu zito la mvua, na chumba kikawa na giza la mchana. Walikaa kuzunguka mkeka. Mkubwa wao alikuwa mzee Rasto, mtu wa sauti ya taratibu ambaye akianza kusema hakatizwi. Okochi alikaa karibu naye, ameweka mapajani lile furushi lake la waya, mnene kama mkia wa ng'ombe. Alikuwa amekwisha kuwaambia njiani, hilo lilionekana, maana wazee walikuwa wakimtazama kwa upole wa kumtazama bwana harusi. Juu hakutazama. Alikuwa akiwatazama watu wakimtazama.

"Mwenzetu Oundo amepumzika," mzee Rasto alisema. "Leo tunaifungua nyumba yake. Kilichoharibika ndani yake kimetengenezwa au kitatengenezwa na mtu wa nyumba hii, na mtu huyo ndiye tunayemwachia nyumba na vyote vilivyomo. Hatumwachii mwingine. Nimesema mbele yenu na siyamezi. Haya, kuna kilichoharibika?"

Okochi alisimama, akanyoosha koti.

"Kuna taa, mzee. Taa ya kaka yangu haiwaki. Tazameni wenyewe."

Akaenda ukutani, akakibonyeza kitufe chake alichokipenda.

Taa ikawaka. Nuru ikawaangukia wazee usoni, wakafumba macho. Ikamwangukia Okochi na furushi lake. Alibonyeza tena, ikazima. Akabonyeza, ikawaka. Mzee mmoja alicheka, akajidai anakohoa.

"Jana haikuwaka!" Okochi alisema. "Huu ni ujanja! Ameifunga funga tu, itaanguka sasa hivi!"

Akaikamata taa kwa mkono na kuivuta. Alivuta kwa nguvu zake zote, hata dari likalia na vumbi likamwangukia nyweleni. Fundo likashika. Akavuta tena. Kofia ya taa ikampasukia kiganjani, lakini waya haukutoka, na balbu ikaendelea kuwaka juu ya kichwa chake, inayumba.

"Keti," mzee Rasto alisema. "Unavunja nyumba ya kaka yako mbele yetu." Akamgeukia Truphena. "Nani ameitengeneza? Umemwita fundi?"

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Uongo!" Okochi alipaza sauti. "Mwanamke hapandi! Mama alikuwepo. Mama, sema! Sema ni fundi!"

Wote wakamtazama Dorcas. Truphena naye akamtazama, na hakuona huruma yoyote usoni mwake. Aliona chuki ile ile ya mwaka mzima. Akasema moyoni, basi, nimekwisha.

"Amepanda," Dorcas alisema. "Amepanda juu ya kichwa changu, hana adabu, na sitamsamehe. Lakini ametengeneza yeye. Kigoda nilikishika mimi."

Kisha akakichukua kikopo cha bati, akakifungua, akaukunjua wembe, akaupitisha kwa mzee Rasto. Karibu na wembe akaweka ule waya mwekundu wa zamani, upande wenye mkato.

"Wembe huu ulikuwa utunyoe leo," alisema. "Ulikuwa utachukua nywele zangu nimpe mwanangu kwaheri. Mwulizeni huyu mwingine umekata nini kabla yangu."

Mzee Rasto alizitazama zile nyuzi chini ya taa. Kulikuwa na mwanga wa kutosha. Akampa mzee wa pili, naye akampa wa tatu, na hakuna aliyecheka tena. Kutumia wembe wa marehemu kabla ya matanga ni jambo ambalo hata mlevi wa Lumino halifanyi, na Okochi alilijua hilo tangu utoto. Alidhani ameurudisha kikoponi safi.

"Nilisema mtu wa nyumba hii," mzee Rasto alisema. Ilionekana wazi kwamba maneno hayampendezi. "Sikusema mwanamume. Ningejua, ningesema. Lakini nimesema, na huyu ni mke wa nyumba, ni mtu wa nyumba. Nyumba anaachiwa aliyeitengeneza. Wewe Okochi, nenda dukani ukanunue wembe mpya, tunyolewe, twende kwetu kabla ya mvua."

Okochi alilitupa furushi la waya mezani, likabingirika hadi kwa pasi. Akatoka. Wembe hakuleta. Walisema baadaye alipanda lori la kwanza lililoelekea Busia. Ilibidi mzee mmoja aende dukani mwenyewe, na mvua ikamnyea. Wakanyolewa chini ya taa. Walipoondoka hakuna aliyemwambia Truphena hongera, na yeye hakuingojea.

Dorcas alibaki, maana alisema hawezi kusafiri na baridi kichwani. Akabaki hadi Jumatatu, akilalamika juu ya chai, juu ya kitanda, juu ya mwanga wa taa kumwumiza macho. Jumatatu asubuhi Truphena alilikata lile furushi la waya, akachukua kipande, akachuna ncha zake, akaufunga kwenye pasi. Ulikaa vizuri kabisa. Ulikuwa waya wa pasi, hata Mhindi alisema.

"Huo ni wa mwanangu," Dorcas alisema.

"Aje auchukue."

Okochi alikuwa ameliacha sanduku lake. Truphena alilifungua, akalitoa lile shati la kubadilisha asubuhi, jeupe, limejikunja. Akalitandaza mezani chini ya taa, akainyunyizia kola maji, na pasi ilipopata moto akalipiga pole pole, mikono, mgongo, mpaka kila kunjo likaisha. Hakuwa amewahi kupiga shati la karani vizuri namna ile. Alilikunja, akalirudisha sandukuni, akaufunga mfuniko, akamsogezea mama mkwe miguuni.

"Mpelekee, mama," alisema. "Mwambie waya wake unafanya kazi."